Dada, Nimesaini Laki Tatu na Mkono Sina

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 24, nilikuwa kibarua kwenye karakana ya mbao, Majengo, Moshi. Januari randa ilinasa glavu, mkono wa kulia ukasagika. Madaktari walipigania siku tatu, nyama ikaoza, wakakata chini ya kiwiko. Bosi alinipa laki tatu, nikaweka dole gumba la kushoto kwamba tumemalizana. Mkataba sina. Nidai wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole sana. Hilo dole gumba limeniuma kuliko yote.

Karatasi ile isikutishe. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inamlinda hata aliyeajiriwa kwa mdomo, na huhitaji kuthibitisha kwamba bosi alizembea. Inatosha kwamba uliumia kazini. Anayelipa ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kwa michango ya waajiri. Ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30, malipo ni pensheni ya kila mwezi. Laki tatu si kitu hapo!

Toa taarifa WCF mapema, kabla miezi 12 haijaisha tangu ajali. Chukua ripoti ya daktari, majina ya wenzako waliokuwepo, na meseji za malipo ya ujira kwenye simu, usizifute. Mkono bandia nao ni sehemu ya matibabu unayostahili. Uliza hospitali ya KCMC, hapo hapo Moshi, wanatengeneza viungo bandia.

Nenda WCF Jumatatu. Mchukue mama au kaka akusindikize.