Lehemu Haishiki Uchafu

Msomaji wa Isevya, Tabora: Najenga kichwa cha mfano cha treni ya mvuke kwa vipande vya shaba ya njano. Lehemu inajikunja vidonge na kudondoka. Ninunue aina gani nyingine?

Usinunue chochote. Swali hili halikomi kuja, na kila anayeuliza analaumu lehemu. Shaba ikikaa hewani hupata utando usioonekana kwa macho, na jasho la vidole huongeza mwingine. Sugua kingo zote mbili kwa msasa laini mpaka zitoe rangi mpya, paka fluksi (dawa ya kusafisha shaba ili lehemu ishike), lehemu papo hapo. Ukienda kunywa chai katikati ya kazi, sugua upya.

Halafu joto. Chuma cha fundi redio cha wati 25 kinafaa kwa nyaya. Bati la ubavuni hunyonya joto lote kabla kiungo hakijapata kitu. Tumia wati 50 au zaidi, ncha pana, na usikawie. Angalia lehemu yenyewe: inakaa kijivu, mara inameremeta na kukimbilia ndani ya ufa. Hapo ondoa chuma, shikilia kipande bila kutikisa mpaka igande. Kiungo chenye chembechembe na rangi ya majivu hakikushika, na kitaachia siku unapopaka rangi.

Msomaji wa Ujiji: Jamaa wa gereji amenipa maji ya betri niyatumie badala ya fluksi. Yanafaa?

Hayafai, mrudishie. Yataendelea kuila shaba chini ya rangi, na moshi wake ni hatari kwa mapafu. Tafuta fluksi ya asidi ya fosfori iliyozimuliwa kwa maji, fanya kazi dirisha likiwa wazi, na hata hiyo ioshe kila unapofunga kazi.

Msomaji wa Mwanga, Kigoma: Kwani supaglu haitoshi?

Kwenye vioo vya kibanda cha dereva huacha ukungu mweupe. Kwenye shaba, haitoshi.

Msomaji wa Cheyo, Tabora: Nataka kichwa kama vilivyokuwa vikipita hapa zamani. Reli zangu za mfano zina upana wa milimita 16.5.

Piga hesabu kabla ya kutoa hela. Kwa kipimo cha 1:87, yaani kitu halisi kimepunguzwa mara 87, milimita 16.5 ni sawa na milimita 1,435, yaani upana wa SGR. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ina upana wa milimita 1,000, na kwa kipimo hicho unahitaji njia ya milimita 12. Wauzaji hawatakwambia hilo.

Ukitaka cha kuiga, kiko 3020 "Nyaturu" katika makumbusho ya reli Nairobi: magurudumu 2 mbele, 8 ya kuvuta, 4 nyuma. Kimepewa jina la watu wa Singida. Ukipata nafasi ya kwenda, chukua utepe wa kupimia na upige picha za upande wa chini pia, maana huko ndiko wajenzi wengi hubahatisha. Inaniuma kuona vijana wa mji wa makutano ya reli wakijenga vichwa vya Uingereza tu.

Dada wa Katubuka, Kigoma: Dohani imeyeyuka nilipoiunganisha na bomba la boila. Nilikosea wapi?

Dohani yako ni ya metali laini ya kusubu, dada, na huyeyuka mapema. Inataka lehemu inayoyeyuka kwenye nyuzi 70, na hiyo haishiki shaba tupu. Kwanza paka shaba lehemu ya kawaida, ipoe, kisha unganisha kwa ile ya nyuzi 70 na chuma cha joto la chini. Ikikaa upande, tumbukiza kwenye maji yanayochemka, kiungo kitaachia. Ila sufuria hiyo isirudi jikoni kamwe: lehemu hizi zina madini ya risasi, nyingine zina kadimiamu, na yote ni sumu. Nawa mikono kabla ya kula, na watoto wakae mbali na meza.

Msomaji wa Gungu, Kigoma: Nimemaliza bodi yote, sasa magurudumu yanakwama.

Ndiyo maana nasema chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba magurudumu, kwanza. Vua bodi, ondoa vyuma vyote vinavyounganisha magurudumu. Weka chesisi juu ya kioo. Ikiyumba, yeyusha viungo uinyooshe. Kisha hakikisha kranki (pini za magurudumu zinazoshika vile vyuma) za kulia zimepishana na za kushoto kwa robo mzunguko, pembe ileile kwenye kila ekseli. Rudisha vyuma jozi moja moja, ukisukuma kwa kidole kila mara. Panapokwama, panua tundu la chuma hicho kidogo sana kwa tupa ya mviringo. Usifunge mota mpaka chesisi iteremke yenyewe kwenye ubao ulioinama. Ukiniandikia tena, sema imekwama kwenye jozi ya ngapi.