Ukifunga gripa, piga picha ambayo hakuna mtu ataibishia

Jamani watu wa Mombasa tuna mikono. Mtu amebeba magunia sokoni Marikiti tangu ujanani, mwingine anavuta nyavu, mwingine yuko gereji kutwa na nati zilizoshika kutu, na ukimpa gripa ya maana, kile chuma cha mipini miwili na springi cha kupimia nguvu ya mkono, anaikaza mpaka inafunga, yaani ncha za mipini zinagusana. Halafu picha inaingia kwa grupu ya WhatsApp, unaona ngumi, unaona mishipa, unaona jasho, lakini pale penyewe ncha mbili za mipini zinapogusana hapaonekani, pamekula kivuli ama pana ukungu, basi watu wanaanza, "hio haijafunga", "hapo chini iko wazi". Huwa inaniuma sana, manake mimi ndo hushikishwa simu pale jim kwetu na huyo mtu nimemuona akiifunga kwa macho yangu.

Na kwenye huu mchezo ushahidi ni kila kitu. Zile gripa za Captains of Crush za IronMind kule Marekani, Namba 1 inahesabiwa pauni 140 za nguvu ya kuifunga, Namba 2 ni 195, Namba 3 ni 280, Namba 4 ni 365. Richard Sorin alitambuliwa rasmi kwa kufunga Namba 3 mwaka 1991, Joe Kinney kwa Namba 4 mwaka 1998, na mpaka leo hayo majina yanatajwa kwa sababu kulikua na uthibitisho. Sisi huku mara nyingi hatuna jaji wa kusimama pembeni, kwa hivo picha ndo itabidi itusimamie.

Sasa sikiza. Gripa ikikazwa, mipini inakutana kule chini kwenye ncha, pembeni ya kidole cha mwisho, na hapo ndo pa kupiga. Simu ikae sawa kabisa na ule mwanya, usawa wa ncha zenyewe, lenzi ikitazama katikati ya mipini miwili. Ukipiga kutoka juu ama kwa upande, mpini ulio karibu nawe unaufunika ule wa nyuma na picha inaonyesha imefunga hata kama kuna milimita tatu zimebaki, na wajuzi wanalijua hilo, wakiona picha ya pembeni tu washaanza kushuku. Mwambie mwenye gripa ageuze ngumi kidogo, ncha zikuangalie wewe, na kidole cha mwisho kisizizibe.

Halafu nyuma ya gripa weka kitu cheupe chenye mwanga, ukuta wa chokaa, karatasi, hata mbingu ya wazi ukiwa pale Mama Ngina ufuoni. Hii ndo siri ninayoipenda kuliko zote. Kama mipini haijagusana, hata pakibaki pa unywele, mwanga unapenya katikati na unaona mstari mweupe umesimama baina ya vyuma viwili. Kama imegusana, mstari unakatika pale pale kwenye ncha, na hapo hakuna wa kukujibu. Ila nyeupe ikizidi kung'aa inamwagikia kwenye kingo za chuma na kuzila, kwa hivo gusa kioo kwenye ncha, shikilia kidole mpaka fokas ijifunge, kisha vuta kile kialama cha jua cha kupunguza mwanga kinachotokea pembeni chini kidogo mpaka uone rangi ya aluminiamu yenyewe.

Fokas ndo inawashinda wengi. Watu wanaisogeza simu mpaka inakaribia kugusa mkono wakidhani ndo ukaribu, kumbe kamera kubwa ya simu nyingi za sai haioni vizuri kitu kilicho chini ya sentimita kumi hivi. Rudi nyuma kidogo halafu zum mara mbili, utapata picha safi zaidi, na simu yako pia haitaleta kivuli juu ya gripa. Simu yenye makro, ile lenzi ya vitu vya karibu, itumie, lakini hakikisha mwanga unatosha kwa sababu ile lenzi ndogo inahangaika gizani. Kumbuka pia kwa ukaribu huo sehemu inayotoka kali ni nyembamba mno, milimita chache tu, kwa hivo ncha zote mbili ziwe umbali mmoja kutoka kwa lenzi, moja ikiwa mbele itatoka kali na nyenzake itakua ukungu. Jinsi ya kujua kama picha ni kali: ikuze, angalia yale makwaruzo ya mpini yaliyochongwa ili mkono usiteleze, kama waona kila kijino pembeni ya ncha basi hio picha ni yako.

Mwanga wa huku kwetu una wakati wake. Saa sita jua liko utosini, vidole vinamwaga kivuli cheusi juu ya mwanya na chuma kinameta kikali. Mimi napenda saa tatu asubuhi ama saa kumi jioni, tena kivulini karibu na mlango ama baraza, mwanga mwingi bila jua la moja kwa moja. Mwanga mwingi unasaidia pia kwa ile tetemeko, manake mtu anayekaza kwa nguvu zote mkono unatetemeka na gizani picha yote inatikisika. Flashi zima kabisa. Upande ukiwa mweusi, rafiki ashike karatasi nyeupe irudishe mwanga hapo.

Lenzi ifute kila mara, kwa kitambaa cha pamba kikavu, sio kwa fulana yenye jasho. Hewa ya bahari na mafuta ya vidole yanaacha utando, na ukitoka kwenye chumba cha AC kuingia kwenye joto lenzi inashika mvuke, ngoja kidogo ikauke.

Anayekaza hawezi kukaa hivo muda mrefu, kwa hivo panga kila kitu kabla, tega simu kwenye stendi, hesabuni pamoja, kisha piga picha nyingi mfululizo. Vidio rekodi kwa simu ya pili ukiweza, ni nzuri kuonyesha tukio lote, lakini usiitegemee kwa ile picha ya ukaribu: fremu moja ya vidio ya 1080p ni kama megapikseli 2 tu, ya 4K ni kama 8.

Piga na ya mwanzo, kabla hajakaza. Kwa sheria za IronMind, Namba 3 mipini inatakiwa ianze ikiwa wazi angalau upana wa kadi ya benki, ule upande mfupi, kama milimita 54, basi pitisha kadi katikati ya ncha na upige hapo hapo, huku nambari ya kadi umeifunika. Na namba ya gripa iliyochongwa kwenye mpini ionekane kwenye picha mojawapo. Ukikunja msumari badala ya kufunga gripa, uweke kando ya rula kabla na baada.

Sasa mambo ya baadaye. Filta hapana. Modi ya potreti hapana, ile inabuni ukungu wake na inaweza kuuziba mwanya ama kuuzua, na hapo umejiharibia mwenyewe bure. Usikate picha karibu mno, acha kiganja chote kionekane ili watu wajue mkono wa pili haukusaidia. Ukituma WhatsApp itume kama dokumenti, sio kama picha ya kawaida, manake ile ya kawaida inabanwa na makwaruzo yote yanageuka uji. Skrinshoti pia usitume, inapoteza tarehe na maelezo ya kamera. Faili ya kwanza kabisa ibaki kwenye simu na nakala nyingine iweke kwa kompyuta ama kwa mtu unayemuamini, kuna siku mtu ataiomba.