Maswali ya wasomaji: Tulipanda mikoko, ikafa

*Kikundi chetu kilipanda mbegu 4,000 za mkoko kwenye tope tupu mbele ya kijiji, mahali ambapo hapakuwa na mti wowote. Miezi sita baadaye imebaki ya kuhesabu kwa vidole. Hakuna mbuzi aliyeingia wala mtu aliyeing'oa. Tumekosea wapi? – Msomaji, Kwale*

Jibu mnalo wenyewe: hapakuwa na mti wowote. Kila msimu mbegu huelea na kupita hapo, na hazishiki. Pako chini mno. Mkoko ni mti wa pwani, lakini hauwezi kushinda majini. Kwa kawaida mikoko husimama juu ya kimo cha kati baina ya maji kujaa na kupwa, na maji huifunika si zaidi ya theluthi moja ya muda, yaani saa 7 au 8 kati ya 24. Mche uliopandwa chini ya hapo hukosa hewa na mwanga, tope hutanda kwenye majani, mawimbi huutikisa kabla haujashika, na vile vigamba vinavyoganda kwenye ngalawa huusonga shina mpaka ukainama. Ufilipino walipanda hivyo hivyo kwa miaka mingi, wakaishia kubaki na miche 10 hadi 20 kwa kila 100.

Safari hii pimeni kwanza. Chukueni mpira wa maji wa fundi mwashi, ule unaoonyesha ndani, mita 15 au 20, pamoja na miti miwili iliyotiwa alama za sentimita. Siku ya bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko siku zote, yakishapwa, mmoja asimame kwenye shina la mkoko wa asili ulio chini kabisa upande wa bahari, mwingine asimame mnapotaka kupanda. Maji ndani ya mpira yakitulia, linganisheni alama: penye alama ya juu zaidi ndipo ardhi iko chini zaidi. Kama kwenu ni chini kuliko shina lile, hata kwa sentimita 20 tu, acheni. Toeni viputo vyote vya hewa kwenye mpira, la sivyo vipimo vitawadanganya.

Mkiona mstari wa mbele kabisa una mililana, aina nyingine ya mikoko, msiulazimishe mkoko wa mbegu ndefu hapo. Mlilana una mbegu ndogo ndogo ndani ya tunda: liacheni tunda lioze kwenye ndoo ya maji, mzioshe mbegu, mziatike kwenye tope laini kitaluni, na mhamishe miche ikishafika goti. Ni kazi ya polepole, ndiyo maana wengi huikwepa.

*Mbegu ya mkoko iliyokomaa naijuaje, na inachomekwa kiasi gani? – Msomaji, Pangani*

Tazama pale mbegu ndefu inapokutana na tunda. Ikikomaa hutokeza pete ya rangi ya manjano, na ukiigusa inaachia yenyewe. Isipoachia, usiivute: utavunja kichipukizi kilichojificha ndani ya tunda, na mbegu itakaa kijani wiki kadhaa ikikudanganya. Tupa zenye matundu ya wadudu.

Chomeka theluthi moja ya urefu wake, upande uliokuwa umeshika tunda ukiangalia juu. Wageni wa kazi hii huzipindua mara nyingi kuliko unavyodhani. Nafasi ya mita 1 kwa 1 inahitaji mbegu 10,000 kwa hekta. Mita 2 kwa 2 ni 2,500. Pakiwa na kaa wengi, weka mbegu kivulini wiki moja mpaka zinywee kidogo, kwani kaa huzipenda mbichi, au panda miche ya kitaluni ambayo shina limeanza kuwa gumu. Mbolea haihitajiki.

Kitalu ukikimwagilia maji ya kisima, miche itaota vizuri tu, maana mkoko hauhitaji chumvi, huivumilia. Ila mwezi wa mwisho changanya maji ya bahari, ukizidisha kila wiki. Mche wa maji baridi ukipelekwa baharini ghafla, majani huungua pembeni na kupukutika.

*Tuna bwawa la chumvi lililoachwa. Tupande aina gani? – Msomaji, Bagamoyo*

Msipande kitu kwanza. Tafuteni mkondo wa zamani ulikuwa ukiingilia wapi, mvunje tuta hapo hapo, kina cha ufa kilingane na kina cha mkondo. Tundu dogo juu ya tuta huingiza maji ya bamvua yasiweze kutoka. Jua likiyakausha, chumvi inazidi ile ya mwanzo. Ardhi ikishaoshwa, na kama kuna mchu jirani, nao ni aina ya mikoko, mbegu zake zitaingia zenyewe. Subirini msimu mmoja au miwili, kisha mzibe mapengo kwa mchu na mkandaa, aina za mikoko zinazostahimili chumvi. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi wa serikali, hivyo kabla ya jembe la kwanza nendeni ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na kwa mwenye bwawa pia.

*Tuna ekari 2 za mikoko tuliyopanda. Tunaweza kuuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa ile inayohifadhiwa na miti, kama Gazi? – Msomaji, Kilifi*

Peke yenu, hapana. Mikoko Pamoja, mradi wa vijiji vya Gazi na Makongeni huko Kwale ulioanza 2013, una hekta 117, karibu ekari 290, na sehemu kubwa ni msitu uliokuwapo unaolindwa usikatwe. Hesabu yao ni tani 3,000 hivi za hewa ya ukaa kwa mwaka. Gharama ya kupima na kukaguliwa ingezimeza ekari zenu mbili kabla hamjaona shilingi. Ulizeni vijiji vya jirani vina msitu kiasi gani, muungane kupitia chama cha misitu cha jamii na KFS (Huduma ya Misitu Kenya). Wakati mkisubiri, wekeni mizinga ya nyuki: mchu una maua mazuri kwa asali.