Kabla Hujawasha Mashine: Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Kutotolesha Mayai ya Reptilia

Juma lililopita niliingia chumba cha mayai nikakuta mayai 14 ya kobe yamepangwa kwenye trei za mashine ya kuku, mota ya kugeuza ikizungusha trei kila baada ya saa mbili, na kioo kikionyesha nyuzi 37.5. Kijana aliyeyapanga alikuwa amesimama kando, uso umejaa furaha. Alikuwa ameipangusa mashine, amejaza maji kwenye karai lake, na amefuata kila mstari wa kijitabu kilichokuja nayo. Sikuweza kumkaripia, kwa sababu hakuzembea hata kidogo. Kijitabu alichokifuata kilikuwa cha kuku, basi. Ila huyu ni wa tatu katika muda wa miaka mitatu, na sote tuliowatangulia tulifanya makosa ya namna hiyohiyo, kwa hiyo nimeona niyaandike yale ninayoyarudia kwa mdomo kila msimu.

1. Mashine ya kuku si adui, lakini lazima uivue ukuku wake. Yai la kuku lina kamba mbili za ute zinazoshikilia kiini katikati, na kuku mwenyewe huligeuza kwa mdomo mara nyingi kwa siku. Yai la mamba, kobe au chatu halina kamba hizo. Kiinitete hupanda juu na kujishikiza kwenye utando wa ndani ya ganda, mara nyingi katika siku ya kwanza tu baada ya kutagwa, na ukiligeuza baada ya hapo unakichana au unakizamisha chini ya kiini. Ndiyo maana tunaweka alama juu ya yai kwa penseli kabla halijanyanyuliwa kutoka kwenye shimo, na alama hiyo hukaa juu mpaka siku ya kupasuka. Penseli, nasema, si kalamu ya wino, kwa kuwa ganda linapumua na wino hupenya. Ng'oa mota, toa trei, kisha hakikisha themostati, kile kifaa kinachowasha na kuzima kipashio ili joto lisibadilike, inakubali kushushwa hadi nyuzi 28 na kutulia hapo. Kumbuka pia kwamba yai la kuku humaliza safari yake kwa siku 21, ilhali la mamba huchukua takribani siku 80 hadi 90, kwa hiyo kasoro ndogo ambayo vifaranga wa kuku wangeivumilia itapata muda mara nne zaidi wa kuharibu kazi yako.

2. Usiulize joto kabla hujajua ni yai la nani. Mwaka 1966, pale Dakar, Madeleine Charnier alionyesha kwamba kwa mjusi aina ya agama joto la yai ndilo linaloamua dume au jike, na tangu hapo wataalamu wamelikuta jambo hilo kwa mamba wote waliochunguzwa na kwa kobe wengi. Kwa mamba wetu wa Nile, mayai yaliyokaa chini ya nyuzi 31 hutoa karibu majike watupu, na madume huongezeka unapofika nyuzi 32 na 33. Kwa kobe wengi mwelekeo ni mwingine: baridi huleta madume na joto huleta majike. Chatu hana habari na hayo, jinsia yake iko kwenye damu ya wazazi, nasi humwekea nyuzi 31 hadi 32. Mwaka mmoja kijana wetu mmoja aliniletea orodha ya mamba wachanga, wote majike, akidhani ni bahati ya ajabu. Haikuwa bahati. Mashine ilikuwa imekaa kwenye 30 msimu mzima, na hakuna aliyekuwa amemweleza.

3. Mashine inajua kupasha, haijui kupoza. Hapa pwani, Februari na Machi, chumba cha mabati hupita nyuzi 33 saa nane mchana, na hapo hata ukiweka themostati kwenye 30 taa ya kupasha itazimika tu huku joto likiendelea kupanda. Chagua chumba kabla ya kuchagua mashine: ukuta mnene, dari, kivuli cha mti, mbali na dirisha la magharibi. Mayai ya vinyonga wa milimani, wale wa Taita au Usambara, mara nyingi hayahitaji mashine kabisa, yanahitaji mahali penye ubaridi. Mwangalieni kenge anavyofanya: hutoboa kichuguu chenye mchwa hai, hutaga ndani, na mchwa huziba tundu na kumtunzia joto na unyevu. Amechagua nyumba kwanza.

4. Pima joto palipo na yai. Hili nitalieleza kwa urefu, kwa sababu niliambiwa kwa sentensi moja na sikulisikia.

Ulikuwa mwaka wangu wa nne katika kazi hii. Mayai 46 ya mamba yalifika kutoka Mto Tana kwa kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, yamesafirishwa usiku ndani ya mchanga wake, kila moja na alama yake ya penseli. Nilikuwa nimejenga mashine mwenyewe kutokana na friji bovu, kama wengi wenu mnavyofanya sasa, na ni wazo zuri kwa sababu friji hushika joto kuliko boksi lolote. Niliweka waya wa kupasha chini, feni ndogo juu, na kihisi cha themostati nikakining'iniza karibu na feni, mahali ambapo ilikuwa rahisi kukifunga. Mayai yalikuwa kwenye rafu ya chini, ndani ya maboksi meupe ya kubebea samaki, nayo yamefunikwa. Nilitoboa matundu manne mlangoni. Baada ya wiki mbili nikaona unyevu unashuka, nikayaziba matundu yote kwa utepe, na unyevu ukapanda vizuri.

Kwa miezi miwili mambo yalikwenda sawa, nami sikujua sababu. Nilikuwa nafungua mlango kila asubuhi na kila jioni, nafunua maboksi, natazama ule mkanda mweupe, dalili ya yai lenye uhai, unavyoenea kwenye ganda, na kila nilipofungua hewa safi iliingia. Kisha mwenzangu mmoja akanishauri, kwa nia njema, kwamba kufungua mara kwa mara kunayumbisha joto na kwamba mayai yakikaribia mwisho yaachwe yatulie. Nikayaacha. Mpira wa mlango wa friji haupitishi hata pumzi. Nilikuwa nimeziba njia ya hewa katika wiki zilezile ambazo kiinitete kinahitaji hewa kuliko wakati mwingine wowote.

Kulikuwa na dalili, na niliiona kwa macho yangu. Taa ya waya wa kupasha iliacha kuwaka. Siku nzima haiwaki, usiku inawaka kidogo sana, na kioo kinasoma nyuzi 32 au zaidi kidogo. Nilifurahi. Niliwaambia watu kwamba friji langu linashika joto kiasi cha kutohitaji umeme. Ukweli ni kwamba mayai yenyewe yalikuwa yanatoa joto, kama kiumbe chochote kinachokua, na lilikuwa limenaswa ndani ya maboksi yaliyofunikwa, mbali na kihisi changu.

Watoto wa mamba huita wakiwa bado ndani ya yai. Sauti hiyo mnaijua, au mtaijua, na mama akiisikia hufukua mchanga. Siku ya 84 nilianza kusikiliza. Siku ya 88 nilikuwa nalala kwenye mkeka chumbani humo. Siku ya 92 nikafungua boksi, nikachomeka kipimajoto cha mkono katikati ya mayai, kikasoma 36, na nikajua kabla sijapasua hata moja. Mayai matano hayakuwa na kitu tangu mwanzo. Arobaini na moja yaliyobaki yalikuwa na mamba kamili, magamba yametimia, mikia imezungushwa puani, na kile kijino cha kupasulia ganda kipo kwenye ncha ya pua ya kila mmoja. Nilichimba shimo nyuma ya bwawa nikawazika mimi mwenyewe. Mkuu wangu wa kazi alikuja, akatazama, akaniuliza jambo moja tu: kihisi kilikuwa wapi?

Kwa hiyo kihisi kinakaa kati ya mayai, kimefungwa ili kisiteleze, na kipimajoto cha pili kinakaa kwenye yai la mwisho kabisa pembeni. Vyote viwili vijaribiwe kwanza kwenye maji yaliyojaa barafu iliyopondwa. Visiposoma sifuri, andika tofauti yake kwa kalamu kwenye ukuta wa mashine. Matundu hayazibwi. Unyevu ukishuka, ongeza maji. Na katika wiki tatu za mwisho, ukiona taa ya kupasha imelala, tia mkono ndani siku hiyohiyo. Msimu uliofuata, katika friji lilelile, watoto 37 waliita.

5. Mayai yalazwe kwenye vemikulaiti, yale madini mepesi yanayofyonza maji, iliyochanganywa na maji kwa uzito sawa. Ukiifinya ngumini ishikane bila kudondosha. Ukiikosa, mchanga wa mto uliooshwa vizuri unatosha. Mfuniko uinamishwe ili matone yateleze pembeni yasiangukie mayai.

6. Weka themostati ya pili, iliyopangwa nyuzi moja juu ya ile ya kwanza, ili ikate umeme endapo ya kwanza itakwama. Umeme ukikatika usikimbilie jiko la makaa: mayai yaliyopoa kwa saa chache huchelewa, yaliyopikwa hayarudi. Chupa za maji zilizojazwa na kuachwa ndani ya mashine tangu mwanzo zitalishika joto mpaka umeme urudi.

7. Miguu ya meza ikae ndani ya makopo yenye maji na mafuta kidogo, kwa ajili ya sisimizi.

8. Mashine iwake juma zima bila yai hata moja ndani, na joto liandikwe asubuhi, mchana na usiku. Msiniletee daftari lenye namba moja inayojirudia kutoka juu hadi chini. Naujua mwandiko wa mtu aliyejaza juma zima kwa dakika tano.

Mtoto akishatoboa ganda, mwacheni, hata akikaa hivyo siku nzima, kwa maana bado anavuta kiini kilichobaki kuingia tumboni. Akitoka nacho kikiwa nje, alazwe juu ya kitambaa chenye unyevu ndani ya mashine, wala asikatwe chochote.

Yale mayai 14 ya kobe tumeyatoa kwenye trei jioni ileile, tumeyalaza kwenye mchanga kwa nyuzi 30 kila moja na alama yake, na kijana wetu ndiye mwenye daftari. Kobe wa aina hii anaweza kuchukua zaidi ya mwaka. Ameniahidi kwamba atakuwepo.