Muwasho wa mapajani umeninyima usingizi

Shikamoo daktari. Naendesha bodaboda Temeke, kutwa juani na jinzi. Mapajani, karibu na korodani, nina duara lenye kingo za magamba. Usiku najikuna hadi damu. Krimu ya betamethasoni ya dukani ilituliza wiki moja, kisha likatanuka.

Marahaba, mwanangu. Hao ni fangasi. Hiyo krimu acha leo: hufifisha wekundu huku fangasi wakishamiri. Paka klotrimazoli, krimu ya kuua fangasi, mara mbili kwa siku, ukivuka ukingo wa duara, wiki mbili hadi nne, hata muwasho ukikoma mapema. Kagua vidole vya miguu pia. Chupi hupandisha fangasi kutoka huko, basi vaa soksi kwanza. Kichwa cha uume kikiwa na utando mweupe, kapime sukari. Ukiona vidonda au usaha, nenda hospitali na mpenzi wako.