Jibu: Mapumziko ya darasa la tatu kufutwa

Dada wa Makorora, umeuliza kama ni sawa mwalimu kufuta mapumziko ya saa nne ili darasa la tatu wamalize hesabu. Kwangu si sawa hata kidogo, na usione haya kwenda kumwona.

Mtoto akikaa kwenye dawati tangu asubuhi anachoka kusikiliza. Akitoka akakimbia, anarudi ametulia. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2013 kwamba mapumziko yasiondolewe kwa adhabu wala kwa sababu za masomo. Tena Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 31, unataja mapumziko na michezo kuwa haki, na Tanzania imeuridhia.

Halafu angalia mdako, ule mchezo wa vijiwe wanaoucheza mapumzikoni. Mtoto anarusha kete juu, anazoa vijiwe shimoni, anavirudisha abakize kimoja, raundi ya pili viwili, na kete aidake kabla haijaanguka. Hapo kuna kuhesabu, kutoa, jicho na mkono kwenda pamoja. Akidanganya wenzake wanamshika, wanabishana, wanasuluhishana wenyewe. Hilo ubaoni halifundishiki.

Joto letu la Tanga nalijua. Basi wacheze chini ya mwembe, wasifungiwe darasani. Zungumza na mwalimu kwa heshima, ikishindikana peleka kamati ya shule. Tafuta na wazazi wenzako, mkienda wanne watano mtasikilizwa haraka.