Maswali na Majibu: Chemchemi Inayopungua, Korongo Linalokula Shamba na Mengineyo

Barua za safari hii zimetoka kwa vikundi vya vijijini vinavyoendesha miradi yao wenyewe. Tumechagua tano.

Ndugu wahariri, poleni na kazi. Kikundi chetu kilijengea chemchemi ukuta wa mawe na saruji ili tusiendelee kuchota kwenye dimbwi linalonywewa na mifugo. Miezi ya kwanza maji yalitoka vizuri. Sasa yanadondoka tu, ilhali chini ya ukuta, upande wa kushoto, pana unyevu na nyasi mbichi hata kiangazi. Je, chemchemi inakauka? Baadhi yetu wanataka tuinue ukuta maji yajikusanye.

Tafadhali msiinue ukuta. Nyasi hizo mbichi zinaonyesha kuwa maji yapo, ila yamepata njia nyingine. Maji ya chemchemi husukumwa na nguvu ndogo sana. Ukiyalazimisha kupanda juu ya usawa yaliotokea tangu mwanzo, hugeuka na kutafuta upenyo mwingine ardhini, na yakishauzoea huwa vigumu kuyarudisha. Kwa hiyo bomba la kutolea maji lazima likae chini kidogo ya jicho la chemchemi, yaani pale maji yanapotokea ardhini, wala lisiwe juu yake hata kwa kiganja kimoja. Mara nyingi fundi huliinua kwa nia njema, ili ndoo ienee chini ya bomba. Nafasi ya ndoo ipatikane kwa kuchimba mahali pa kuchotea kwenda chini, na kwa kutengeneza mfereji wa kuondoa maji yanayomwagika.

Kabla ya kubomoa chochote, pimeni. Tegeni ndoo ya lita 20 na mhesabu sekunde hadi ijae. Rudieni mara tatu, mchukue wastani. Sekunde 40 ni nusu lita kwa sekunde, yaani lita 1,800 kwa saa. Andikeni namba hiyo daftarini, na mpime tena kila mwezi, hasa mwishoni mwa kiangazi. Bila daftari hilo hamtajua kama marekebisho yamesaidia au ni mvua tu imenyesha.

Kisha fukueni nyuma ya ukuta hadi mlione jicho lenyewe, na mchimbe shimo dogo penye unyevu ili muone msingi umekaa juu ya nini. Ukuta ukikaa juu ya mwamba au mfinyanzi mgumu, maji hayana pa kupita. Ukikaa juu ya udongo tifutifu, maji hupenya chini yake, na hapo hakuna dawa ila kuchimba msingi upya mpaka kwenye tabaka gumu. Mnapofukia, wekeni mawe makubwa yaliyooshwa mbele ya jicho, kokoto juu yake, halafu mfinyanzi wenye unyevu ulioshindiliwa unene wa sentimita 15 hivi, na mwisho udongo wa kawaida. Msimwage saruji kwenye jicho.

Upande wa juu, angalau mita 8 kutoka chemchemi, chimbeni mtaro wa kukinga maji ya mvua, na eneo lote lizungushiwe uzio. Choo kisiwe upande wa juu wa mteremko, na hata kwingineko kisikaribie chini ya mita 30. Maji yakibadilika rangi saa chache baada ya mvua kubwa, jueni maji ya juu ya ardhi yanaingia. Kagueni mtaro na tabaka la mfinyanzi kabla ya kuyanywa tena bila kuyachemsha.

Korongo limekata shamba la kikundi na kila masika linapanda juu zaidi. Mara mbili tumejaza mawe, mara mbili mvua imeyasomba. Tunaomba ushauri: tutafute saruji?

Saruji isiyozuia maji yanayoingia itabomoka kama mawe yalivyosombwa, na hasara itakuwa kubwa zaidi. Korongo linakua kwa sababu ya maji yanayomwagikia kichwani mwake. Mvua ikinyesha, mtu mmoja atembee juu ya korongo aangalie maji yanakotoka: kalavati la barabara, njia ya ng'ombe, au malisho yaliyobaki kipara. Kazi huanzia hapo.

Chimbeni mtaro wa kukinga maji juu ya kichwa cha korongo, uyapeleke taratibu mahali penye nyasi nzito. Mwinamo wake uwe sentimita 25 hadi 50 kwa kila mita 100. Ukizidi, mtaro wenyewe utageuka korongo jipya. Ukipungua sana, utajaa mchanga na kufurika. Mwinamo mdogo namna hiyo hauonekani kwa macho, kwa hiyo tumieni pimamaji ya mpira (mpira unaoonyesha ndani, uliojazwa maji) au fremu ya miti miwili iliyofungwa juu, yenye ubao katikati na kamba iliyoning'iniza jiwe. Fremu hiyo irekebishwe kwanza: isimamisheni, wekeni alama kamba inapogusa ubao, geuzeni miguu ibadilishane nafasi, wekeni alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa.

Baada ya hapo jengeni vizuizi vya mawe ndani ya korongo, mkianzia juu kushuka chini. Kila kizuizi kichimbiwe nusu mita ndani ya kila ukingo na sentimita 30 chini ya sakafu ya korongo. Kimo kisizidi mita moja. Katikati pawe chini kuliko pembeni kwa sentimita 20 hadi 30, maji yapite hapo. Barua yenu haisemi mawe yalipangwaje, lakini tukikuta vizuizi vimesombwa, aghalabu tunakuta vilikuwa bapa juu au vimeinuka katikati. Maji hukimbilia pembeni, hukata ukingo na kukizunguka kizuizi. Sababu ya pili ni shimo linalochimbwa na maji yanapoangukia upande wa chini. Tandazeni mawe hapo, urefu mara mbili ya kimo cha kizuizi.

Umbali kati ya kizuizi na kizuizi haukisiwi. Sehemu ya kupitishia maji ya kizuizi cha chini iwe usawa mmoja na mguu wa kile cha juu. Korongo likishuka mita 1 katika kila mita 10, na sehemu hiyo ikiwa na kimo cha sentimita 60, basi vizuizi vikae kila baada ya mita 6. Tumieni mawe yenye kona, kwani ya mviringo hubingirika, na mzibe mianya ya upande wa juu kwa mawe madogo na nyasi. Udongo ukishanaswa, pandeni nyasi zenye mizizi mirefu na vipandikizi vya miti. Mifugo isishuke humo mpaka vishike.

Tuna pampu ya sola na tangi. Kitu kikiharibika ndipo tunachangishana. Safari iliyopita tulikaa wiki nyingi bila maji kwa sababu ya kifaa kimoja. Wanachama wamechoka.

Poleni sana. Kuchangishana baada ya kuharibika kunamtwisha mzigo anayeweza kulipa siku hiyo, na wengine wanasubiri. Orodhesheni kila kifaa, bei yake ya leo, na muda kinaotarajiwa kudumu. Gaweni bei kwa idadi ya miezi. Kifaa cha 60,000 kinachodumu miaka mitano kinahitaji 1,000 kila mwezi. Zikiwapo kaya 40, ni 25 kwa kaya. Fanyeni hivyo kwa pampu, kidhibiti umeme, mabomba na koki, mjumlishe, muongeze posho ya mlinzi na fundi. Paneli huweza kudumu miaka 20 na zaidi, lakini pampu hufa mapema. Msizihesabu pamoja kama kitu kimoja. Koki, mipira na viungio vya mabomba vinunuliwe mapema na kukaa stoo.

Anayetunza fedha asiwe ndiye anayetunza stoo. Fedha zitolewe kwa saini tatu, na hesabu isomwe mbele ya mkutano kila robo mwaka, pamoja na majina ya waliolipa na wasiolipa. Kaya isiyo na uwezo isamehewe hadharani kwa uamuzi wa mkutano. Msamaha wa chinichini ndio unaoua moyo wa wengine kulipa. Wanaochota maji kila siku wawe wengi katika kamati, maana wao ndio wa kwanza kuona bomba linavuja.

Kuhusu adhabu, Elinor Ostrom, aliyetunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zilizodumu kwa muda mrefu zikitunza misitu, malisho na mifereji ya pamoja. Aliona kuwa watumiaji walishiriki kutunga kanuni, wasimamizi waliwajibika kwao, na adhabu ilianza ndogo ikapanda kadiri kosa lilivyorudiwa. Sisi tunaliona hilo kuwa la maana sana. Kanuni inayomkatia mtu maji kwa kosa la kwanza haitekelezwi, na kanuni isiyotekelezwa huwafundisha watu kuzidharau zote.

Mtambo wetu wa bayogesi ulikuwa ukiwaka bluu. Sasa mwali ni wa njano na unarukaruka. Tuanzie wapi?

Anzieni kwenye bomba. Gesi hubeba mvuke, mvuke hugeuka maji na kutuama sehemu ya chini kabisa ya bomba. Hapo ndipo mwali huanza kurukaruka. Fungueni koki ya kutolea maji. Kama haipo, iwekwe. Mwali wa njano kwa kawaida ni upungufu wa hewa: safisheni matundu ya jiko na mrekebishe tundu la hewa mpaka rangi irudi.

Nguvu ikiendelea kuwa ndogo, pakeni povu la sabuni kwenye kila kiungio. Povu likitokota, pana uvujaji. Msitumie kiberiti kutafuta uvujaji. Halafu angalieni mnacholisha mtambo. Kilo moja ya kinyesi kibichi cha ng'ombe hutoa takribani lita 40 za gesi, kwa hiyo kilo 20 kwa siku, zikichanganywa na maji ndoo kwa ndoo, zinatosha jiko moja kwa saa mbili hivi. Ng'ombe wakianza kwenda malishoni, kinyesi kingi hubaki huko na gesi hupungua ingawa idadi yao haijabadilika. Maji ya sabuni, dawa za kuoshea banda na kinyesi cha mnyama aliyepewa antibiotiki visiingie, kwa kuwa huua bakteria wanaotengeneza gesi. Na mtu yeyote asishuke ndani ya mtambo kusafisha, hata ukionekana mtupu. Hewa ya humo inaweza kumzimisha kabla hajaita msaada, na wanaomfuata kumwokoa hufa pamoja naye.

Kila mwaka tunapanda miche mlimani, na kila mwaka karibu yote inakufa. Tuongeze idadi?

Hapana, ipunguzeni, na kwanza mkague kama ardhi hiyo ina visiki vilivyo hai. Vichaka vidogo vinavyochipua na kuliwa na mbuzi kila msimu mara nyingi ni miti kamili yenye mizizi mirefu tayari. Nchini Niger, kuanzia miaka ya 1980, wakulima walirudisha miti katika mamilioni ya hekta kwa kutunza machipukizi ya visiki kama hivyo.

Kwenye kila kisiki chagueni machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka, mkate mengine. Yale mliyoyaacha, pogoeni matawi ya pembeni mpaka nusu ya kimo, msipite hapo. Fungeni kitambaa cha rangi ili wachungaji na wakata kuni wajue. Rudini baada ya miezi miwili au mitatu kuondoa machipukizi mapya. Kata kwa panga kali kutoka chini kwenda juu, gome lisichanike. Miche michache mtakayoongeza ipandwe mvua inapoanza kushika, siyo inapoishia, na ile tu ambayo kila mmoja wenu amekubali kuizungushia miiba.